Mwenye Kuazima Wimbo Ni wa Nani?

Siku moja, katika mazungumzo ya jioni ya shirika letu, kijana mmoja wa Kadutu alisimama na gita yake ya besi akatupigia kitu alichokitunga mwenyewe. Ilikuwa fanki: kidole kinagonga kamba sawa vile mtu anagonga mlango, halafu kimya kidogo, halafu tena. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, na Mashi kidogo ndani. Watoto waliokuwa dirishani walianza kucheza. Alipomaliza, mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema kwa upole: "Mutoto wangu, umepiga muzuri, lakini hii ni ya wazungu. Mwacha mila ni mtumwa." Tukaitikia wote kwa vichwa, hata mimi. Kijana akaingiza gita yake ndani ya mfuko, akaenda kukaa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na ile methali ikanisumbua njia yote. Si kwamba ni ya uongo. Nilijiuliza tu: yenyewe, tuliipata wapi? Haikuzaliwa Kabare wala Ngweshe. Ilitoka pwani pamoja na Kiswahili, na Kiswahili kilifika huku kwa misafara ya wafanyabiashara, kisha kikaenezwa na askari wa Force Publique, na wamisionari, na kambi za kazi. Mababu zetu walikuwa wanasema Mashi, Kihavu, Kirega, Kifuliiru, Kibembe. Kwa hiyo tulimkaripia mtoto juu ya kuazima muziki, na tulimkaripia kwa lugha ya kuazima, kwa methali ya kuazima. Na hakuna hata mmoja wetu aliyecheka!

Tena tuangalie likembe. Mgeni akifika na kuomba kusikia muziki wa mababu, haraka tunamtafutia mzee mwenye likembe. Lakini wataalamu waliofuata njia ya chombo hicho wanaonyesha kwamba kilitoka upande wa chini wa mto Kongo, kikapanda kuelekea ndani ya inchi mwishoni mwa karne ya 19, mikononi mwa wapagazi na watumishi wa wazungu, waliokuwa wakipiga huku wanatembea ili miguu isahau uchovu. Sitashangaa kama wapiga lulanga wa wakati ule walikitazama kama kitu cha vijana wa kazini. Leo ni mila. Wakati ulipita tu, basi.

Swali langu, ndugu msomaji, ni hili: msanii aliyechota huku na kule, ni wa nani? Na anadaiwa nini?

Mfano wetu wa karibu ni Lokua Kanza. Wengi wanamsikiliza bila kujua kwamba alizaliwa hapahapa Bukavu, mwaka 1958. Baba yake alikuwa Mumongo, mama yake alitoka Rwanda. Mwaka 1964 jamaa ilihamia Kinshasa. Huko aliimba kanisani, akasoma muziki, akapiga gita katika kikundi cha Abeti Masikini, na mwaka 1984 akafika Paris. Akapiga na Ray Lema, akapiga na Manu Dibango, na sahani yake ya kwanza yenye jina lake ikatoka mwaka 1993. Mwaka 2004 akatoa nyingine pamoja na Richard Bona wa Kameruni na Gerald Toto wa Paris. Sikiliza sauti yake: utakuta kwaya ya kanisa, utakuta jazi, utakuta mama anayebembeleza mtoto. Sasa mtu kama huyu tumpime kwa kipimo gani? Cha baba, cha mama, cha mji aliozaliwa, au cha mji aliokulia?

Ninauliza hivi kwa makusudi. Kwetu huku Kivu, swali "mama yako alitoka wapi?" si la mchezo. Tunajua limefikisha watu wapi, na nani hakurudi. Ndiyo maana ninaogopa nikisikia mtu anataka wimbo "safi," usio na damu ya jirani. Ni lugha ileile. Inaanza kwenye ngoma, na haibaki kwenye ngoma.

Turudi kwenye fanki. Yule mzee alisema ni ya wazungu. Hapana. Ni ya Waamerika weusi, wajukuu wa watu waliouzwa, na wengi wao walitoka pande zetu hizi za Kongo. Katika mji wa New Orleans kuna uwanja ambapo watumwa waliruhusiwa kukusanyika siku ya Mungu, kupiga ngoma na kucheza. Unaitwa mpaka leo Congo Square. James Brown alipotengeneza fanki katika miaka ya 1960, alifanya gita, tarumbeta na hata sauti yake mwenyewe vipige kama ngoma, kila kimoja na kipande chake kidogo, na wimbo unapatikana pale vipande vinapokutana. Mtu aliyekaa karibu na wapiga ngoma wa Idjwi hatahitaji mwalimu wa kumfasiria jambo hilo.

Na hapa historia yetu ina kichekesho. Miaka ileile Mobutu aliposema turudie asili, tuache majina ya kizungu na kravati, inchi yake ndiyo iliyompokea James Brown. Ilikuwa Septemba 1974, siku tatu za muziki Kinshasa, katika uwanja wa 20 Mai, mbele ya pigano la Ali na Foreman ambalo lilisogezwa mpaka tarehe 30 Oktoba. B.B. King alikuwako, Celia Cruz alikuwako, na kwa upande wetu Franco, Tabu Ley, Abeti. Trio Madjesi walikuwa wamekwisha kuchukua hatua za James Brown na nguo zake, huku wakiimba Kilingala. Asili mdomoni, fanki miguuni.

Mwaka uleule Ray Lema aliwekwa kuongoza muziki wa Ballet National. Ni mtu aliyejifunza kinanda seminari, na Bach, na nyimbo za misa, kisha akapenda roki. Ile kazi ilimlazimisha kukaa na wapiga ngoma wa makabila mbalimbali na kujifunza kwao. Sahani alizotoa baadaye, baada ya kwenda Marekani mwaka 1979 na kufika Ufaransa, zina fanki ndani, ndiyo, lakini ni fanki ya mtu aliyekwisha kukaa chini mbele ya wazee. Mimi ninamweka mbele ya wengi wenye jina kubwa kuliko yeye. Ni maoni yangu.

Kwa hiyo kuazima si kosa. Lakini sitaki kusema kwamba kila kuazima ni sawa, hapana! Kuazima kunaacha deni, na deni halilipwi sawasawa. Manu Dibango alipokuta Michael Jackson ametumia itikio la "Soul Makossa" katika sahani yake ya mwaka 1982, alimshitaki, na walipatana kwa pesa. Dibango alikuwa na jina, na karatasi zake. Clyde Stubblefield, mpiga ngoma wa James Brown, alipiga katika "Funky Drummer" sekunde chache ambazo zimekatwa na kuingizwa katika nyimbo mamia. Hakuandikwa kama mtunzi, na nyimbo zile hazikumletea haki ya mtunzi. Alikufa mwaka 2017. Sasa shuka tena mpaka chini, kwa mtu asiye na jina wala karatasi.

Mjomba wa mama yangu, upande wa Walungu, anapiga lulanga. Kwa wale wasioijua: ni ubao uliochimbwa kama bakuli refu, na kamba zinavutwa juu yake kwa urefu. Vijana wa studio moja walifika kwake, wakachukua sauti yake, wakamwachia chupa mbili za Primus. Baada ya mwaka hivi, mjukuu alimsikilizisha ndani ya simu wimbo wa kucheza, na lulanga yake chini ya ngoma za mashini. Jina lake halikutajwa popote. Nilikasirika, nilitaka tufuate habari ya pesa. Yeye aliniuliza kitu kingine: "Juu ya nini bamekata pale wimbo unaanza?" Maana walichukua tu zile kamba za mwanzo. Habari yenyewe, shauri la watu wawili na shamba moja, waliiacha.

Nilimweleza kijana wa Kadutu habari hii, nikidhani nitamfariji kwamba wako wanaoazima vibaya kuliko yeye. Hakuonekana kufarijiwa. Akaniuliza: "Na pale walipokata, papa, mzee alikuwa anasema nini?" Sikuwa na jibu. Miaka yote ninamjua mjomba, sikuwahi kukaa mpaka mwisho.

Tulienda Walungu siku ya posho, yeye na gita yake, mimi na kaye ya kuandikia. Mzee alitaka kwanza kujua kijana ni mtoto wa nani, mama yake anatoka kijiji gani, na kama amekula. Halafu akamwonyesha kiti kidogo karibu na miguu yake. Wimbo ulichukua karibu saa moja, kwa sababu mwenye shamba alikufa katikati na watoto wake wakaanza shauri upya. Gita ilibaki ndani ya mfuko.