Neno kwa wenye sukari wanaoogopa siku ya kipimo

 

Tufungue Biblia zetu katika Injili ya Luka, sura ya 17, mstari wa 11 mpaka 14. Watu kumi wenye ukoma wamesimama mbali, wanapaza sauti, wanamuomba Yesu awahurumie. Tazameni vizuri vile anavyofanya. Hawagusi. Haweki mikono juu yao. Anawatuma kwa makuhani wakaangaliwe mwili. Nao wanatakasika njiani, wakiwa wanaenda.

Kwa nini kwa makuhani? Mwenye kusoma Mambo ya Walawi sura ya 13 anajua. Kuhani alikuwa anaangalia ngozi, anaangalia rangi ya nywele, anaangalia kama alama imeingia ndani. Akiwa na shaka, anamweka mtu pembeni siku 7, kisha anamwangalia tena; bado ana shaka, siku 7 nyingine, anamwangalia tena. Leo tungesema kuhani alimpa randevu. Na jicho la kuhani halikuleta ukoma kwa mtu hata mmoja. Lilisoma tu kile kilichokuwa tayari mwilini.

Ninasema haya kwa ajili yenu mnaoishi na ugonjwa wa sukari. Mimi mwenyewe ni mmoja wenu, kwa hiyo ninajua usiku wa kuamkia kipimo. Usingizi hauji. Mtu anageuka huku na huku, anamwaza jirani aliyekatwa mguu, anamwaza mzee aliyepoteza macho. Asubuhi anasema, leo mvua inanyesha, nitaenda juma lijalo. Juma lijalo kuna matanga. Mwezi unapita, mwaka unapita, fishi yake inalala hospitali kama barua isiyo na mwenyewe.

Wengine hawaogopi sindano hata kidogo. Wanaogopa kugombezwa: munganga atasoma namba, atauliza, mama umekula nini? Wengine wanaogopa faranga, na hofu hiyo si ya kuchekwa, sababu katika nchi yetu watu wameona wagonjwa wakizuiliwa hospitalini mpaka deni lilipwe. Lakini kuna hofu nyingine, na hiyo tumeitengeneza sisi wenyewe ndani ya kanisa. Mtu ameombewa, amekunywa maji ya maombi, ameshuhudia mbele ya watu kwamba amepona. Sasa ataendaje kupimwa? Namba ikiwa juu, watasema hana imani. Basi anabaki nyumbani kulinda ushuhuda wake, na ndani ya damu sukari inaendelea na kazi yake, polepole, kwenye figo, kwenye macho, kwenye mishipa ya miguu. Ndugu zangu, jambo hili linaua watu wetu. Namba ya sukari haipimi imani. Inapima sukari.

Najua kuna ndugu watatuletea habari ya mfalme Asa, katika 2 Mambo ya Nyakati sura ya 16, aliyeugua miguu, akawatafuta waganga, akafa. Sawa, tuisome, lakini tuanze juu. Asa alitoa fedha na dhahabu ya nyumba ya Bwana akanunua urafiki wa mfalme wa Shamu. Nabii alipomwonya, akamfunga gerezani. Kosa lake ni kwamba alimwacha Bwana, hata katika ugonjwa hakumtafuta. Hezekia naye aliugua. Aliomba, akalia, Mungu akamwongezea miaka 15. Jibu lilikuwa limeshatoka mbinguni, na bado nabii Isaya akaagiza waweke tini juu ya jipu lake. Maombi na dawa siku moja, kwa mtu mmoja, kwa amri ya nabii. Nani atasema Isaya hakuwa na imani?

Wazee wetu wanaujua mwaka 1921, wakati Simon Kimbangu alipoanza kuhubiri na kuombea wagonjwa kule Nkamba. Katika mwaka uleule, mbali sana, kule Toronto katika nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walikuwa wanatafuta dawa inayoitwa insulini. Januari 1922 wakamdunga kijana wa miaka 14, Leonard Thompson. Kabla ya hapo mtoto mwenye sukari ya aina yake alikuwa anangoja kifo tu. Mimi siwezi kuamini kwamba Mungu alikuwa Nkamba peke yake mwaka ule.

Sasa tuseme wanafanya nini siku hiyo, maana giza ndilo linalokuza hofu. Watakupima uzito na tansio. Watachukua mkojo, waone kama figo zinaachia protini. Watachoma kidole, au watatoa damu kwenye mkono. Watakuvua viatu, waangalie katikati ya vidole, wakuguse na uzi mwembamba wakuulize kama unausikia. Kama ni siku ya macho, watatia matone, na utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo usije ukiendesha pikipiki mwenyewe.

Kuna kipimo kimoja cha damu kinachowatesa wajanja. Ninyi mnaojinyima chakula siku mbili kabla ya randevu ili namba ishuke, mnasikia? Sukari inashikamana na chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zinaishi karibu siku 120. Kipimo hicho kinachoitwa hemoglobini glike kinaonyesha hali ya miezi miwili mitatu iliyopita. Huwezi kukidanganya kwa siku mbili za sombe bila bukari. Lakini geuza upande wa pili, utaona faraja: siku moja ya harusi, soda moja uliyokunywa, havikuhukumu. Kwa watu wengi waganga wanatafuta iwe karibu na 7 kwa mia, ila kila mtu ana kipimo chake kadiri ya umri na hali yake. Muulize munganga wako. Tena wasiwasi wenyewe unapandisha sukari na tansio kidogo. Mwambie anayekupima kwamba unaogopa. Si aibu, naye atangoja utulie, apime tena.

Hapa nataka msikilize sana. Hofu inafanya moyo upige mbio, jasho litoke, mikono itetemeke. Lakini sukari ikishuka sana, chini ya 70, dalili ni hizohizo! Mtu anatetemeka kwenye benchi ya hospitali, tunasema ni hofu, tunaanza kumwombea, kumbe anazimika. Kama kuna chombo, apimwe mara moja. Kama hakuna, mpeni vipande vitatu au vinne vya sukari, au nusu glasi ya soda yenye sukari, kisha endeleeni kuomba. Akiwa amezimia, msimtie kitu mdomoni; kimbieni naye kwa waganga. Kwa sababu hiyo, mwenye kutumia insulini au vidonge asifunge, wala kwa maombi wala kwa kipimo, bila kumuuliza munganga kwanza. Si kila kipimo kinataka tumbo tupu. Na insulini haiachwi kwa sababu ya ndoto au maono ya mtu yeyote. Ninaandika hivyo nikijua kwamba baadhi ya watabiri wetu watanung'unika. Wanung'unike.

Na maombi ya usiku ule tuyaombe namna gani? Wengi tunaomba karatasi iseme vizuri. Lakini karatasi itasema tu kile kilichopo. Tuombe miguu ya kwenda, masikio ya kusikia munganga anachosema, na moyo wa kubeba jibu. Bwana Yesu mwenyewe, kule Gethsemane, alihuzunika mpaka jasho lake likawa kama matone ya damu. Hakuficha. Na hakwenda peke yake, aliwachukua Petro, Yakobo na Yohana, akawaomba wakeshe naye. Kama Bwana alitaka watu karibu naye saa ile, wewe unajifanya nani kwenda peke yako?

Andika maswali yako kwenye kipande cha karatasi nyumbani, sababu mbele ya koti jeupe akili inakimbia. Chukua dawa zako zote uzionyeshe. Weka mkate au ndizi kwenye mfuko. Uliza bei mapema, kipimo kwa kipimo, ujue kipi ni cha lazima leo na kipi kinaweza kungoja.

Tumepatana na mama mashemasi hivi: kila Jumapili baada ya ibada, mwenye randevu katika juma linalokuja aje mlango wa nyuma, aseme siku na saa. Mtu mmoja atamsindikiza, atakaa naye kwenye benchi, atarudi naye mpaka nyumbani. Asiye na faranga ya kipimo aseme palepale, sehemu ya sadaka ya wagonjwa imetengwa kwa kazi hiyo. Majina hayatasomwa mbele ya kanisa, na hakuna atakayeulizwa namba yake ilikuwa ngapi. Amina.