Kimo au Ufundi?

Watu wengi hudhani kazi ya mwalimu ni kufundisha tu. Mimi niliyeifanya kazi hiyo hadi kustaafu nasema kwamba sehemu kubwa ya kazi ya mwalimu ni kuchagua. Tunachagua viranja, tunachagua wapiga ngoma za gwaride, tunachagua waimbaji wa kwaya na wachezaji wa timu. Na kila mahali palipo na kuchagua, pana kuacha. Waliochaguliwa hutusalimu kwa furaha tunapokutana nao uzeeni. Walioachwa husalimu pia, lakini mara chache hueleza yaliyo moyoni.

Swali ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, ni hili: tunapochagua kijana wa kuendelezwa katika mchezo, tutazame nini kwanza, kimo chake au ufundi wake? Wako watakaosema hilo ni swali la makocha. Mimi naona ni swali la haki, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya msingi huku kwetu Mwamapalala. Siku hizi tumo katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, lakini wakati ule tulikuwa Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga, na Simiyu kama mkoa haikuwapo hadi mwaka 2012. Tulikuwa tunateua timu ya kandanda ya kwenda Bariadi katika mashindano ya shule za msingi, yale yaliyoitwa UMISHUMTA na ambayo leo huitwa UMITASHUMTA. Ilibaki nafasi moja, na vijana wawili waliigombea, wote wa darasa la sita.

Wa kwanza alikuwa mrefu, kifua kipana, na sauti yake ilikwisha kuwa nzito. Wa pili alikuwa mdogo kiasi kwamba jezi ya shule ilimfika magotini. Lakini mpira ulimtii huyo mdogo. Kabla haujamfikia alikuwa amekwisha kuinua uso kutazama wenzake wako wapi, jambo ambalo wengi hawafundishiki hata wakiwa watu wazima. Mwalimu mwenzangu alininong'oneza, "Huyu watamvunja mguu." Nami nikaona ana hoja. Nikamchukua yule mkubwa.

Bariadi tulifungwa, ila hilo si kitu. Kilichonikaa moyoni ni kwamba yule mdogo hakuja tena mazoezini, wala mimi sikumwuliza.

Ilipita miaka zaidi ya kumi. Siku moja nilikuwa mnadani nikitafuta ndama wa kununua, akanijia mwanamume mwenye fimbo begani. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba, huku nikiinua kichwa ili nimwone uso, maana alinizidi kwa kichwa kizima. Akacheka. "Hunikumbuki, mwalimu. Mimi ndiye yule mfupi."

Tulikaa chini ya mti tukazungumza habari za pamba na mvua. Mwishowe nikamwuliza kama alikasirika siku ile. Akasema, "Mimi mpira haukunisumbua sana, mwalimu. Ila nilikuwa sijapata kufika Bariadi. Nilitaka kupanda lori na wenzangu, nilale ugenini siku mbili nirudi na habari. Ungenisubiri kidogo tu, ningekua."

Maneno hayo sikuyajibu, na tangu siku ile nimekuwa nikiyatafutia jibu.

Nianze kwa kukiri lililo kweli: kimo si kitu bure. Mlinda mlango mwenye mikono mirefu anafika pembe ambazo mfupi hafiki. Katika netiboli, mfungaji mrefu hupokea mpira juu ya vichwa vya walinzi. Kocha anaweza kumfundisha mtoto kupiga pasi, bali hakuna kocha aliyepata kumfundisha mtoto kurefuka. Kwa hiyo anayesema "nipeni mrefu, ufundi nitamtia mimi" hasemi upuuzi.

Hata hivyo, hoja hiyo ina mashimo mawili.

Shimo la kwanza ni kwamba katika watoto, kimo mara nyingi ni jina lingine la umri. Wanaokumbuka Elimu ya Msingi kwa Wote iliyoanza mwaka 1977 watakumbuka madarasa yetu yalivyokuwa. Mtoto wa miaka saba alikaa dawati moja na kijana wa miaka kumi na miwili, kwa sababu huku kwetu Usukumani wavulana walichunga kwanza, na shule ilikuja baadaye. Yule mkubwa wangu wa mwaka 1983 alikuwa amechunga ng'ombe wa baba yake miaka kadhaa kabla ya kuandikishwa. Kwa maneno mengine, sikuchagua kipaji, nilichagua miaka. Nami daftari la uandikishaji lilikuwa kabatini, umbali wa hatua ishirini, na sikwenda kulitazama.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Huko Kanada, ambako mchezo unaopendwa kuliko yote ni ule wa magongo unaochezwa juu ya barafu, mwaka 1985 mtafiti Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba wachezaji wa ngazi za juu waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi kupita kiasi, na waliozaliwa miezi ya mwisho walikuwa haba. Sababu yake haikuwa nyota wala uchawi. Watoto walipangwa kwa mwaka wa kuzaliwa kuanzia Januari, basi wa Januari alisimama na wa Desemba katika kundi moja akiwa amemzidi karibu mwaka mzima. Alionekana mkubwa na hodari, akachaguliwa. Baada ya kuchaguliwa akapata makocha wazuri na mechi nyingi, akawa hodari kweli. Kosa la jicho likageuka kuwa ukweli. Ikiwa tofauti ya miezi kumi na moja inaweza kufanya hivyo, jiulize tofauti ya miaka mitano ilifanya nini katika viwanja vyetu.

Na penye kuthamini ukubwa, uongo hauko mbali. Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, iliondolewa katika fainali za Afrika kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Mwaka 2009 shirikisho la soka la dunia, FIFA, lilianza kupiga picha za mifupa ya kifundo cha mkono katika fainali za dunia za umri huo, kwa kuwa vyeti havikutosha tena kuaminiwa. Mtu anapofikia hatua ya kuuliza mfupa kwa sababu midomo haiaminiki, ajue tatizo lilianza mapema zaidi, pale mwalimu alipotaka wakubwa bila kujali wametoka wapi.

Shimo la pili ni lile tunalolisahau: kuchaguliwa kwa ajili ya kimo humdhuru hata aliyechaguliwa. Mfano mkubwa tunao hapa nyumbani, nami nautaja kwa heshima. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, aliujua mpira wa kikapu akiwa tayari kijana, akaenda Marekani, akacheza Chuo Kikuu cha Connecticut. Urefu wake ni kama sentimita 221. Hakuwa mnara tu, maana katika ligi ya vyuo alitajwa mlinzi bora miwili mfululizo, 2008 na 2009. Mwezi Juni 2009, timu za NBA zilipoteua vijana wapya, Memphis Grizzlies walimchukua wa pili kati ya wote. Mtanzania wa kwanza katika ligi ile! Nasi tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini kabla msimu wake wa kwanza haujaisha alipelekwa kwa muda ligi ya chini akajifunze. Akahamishwa timu hadi timu, na baada ya mwaka 2014 hakucheza tena NBA. Katika uteuzi uleule, kijana mmoja aliyeonekana mwembamba na mfupi kwa mchezo ule, Stephen Curry, mwenye kama sentimita 188, aliachwa mpaka nafasi ya saba. Huyo na Golden State Warriors walitwaa ubingwa mwaka 2015, 2017, 2018 na 2022.

Wapo waliomcheka Thabeet. Mimi sikucheka. Waliomteua walimkabidhi nafasi ya pili kwa sababu ya kile walichotarajia kimo kile kitazaa, kisha wakamdai kwa haraka ufundi ambao wenzake walianza kuutafuta wakiwa watoto wadogo. Wahenga walisema ukubwa ni jaa, na jaa hutupiwa kila kitu. Nikamkumbuka yule mkubwa wangu. Huyo naye nilimkosea. Nilimwambia asimame nyuma, azuie njia, apige mpira mbali. Sikumfundisha pasi, kwa sababu kifua chake kilinitosha. Alipokwenda sekondari akakuta wote wana kifua kama chake, naye hana kingine cha kuonyesha.

Wafugaji wetu wana hekima katika hili kuliko sisi walimu. Anayetafuta maksai wa jembe haridhiki na nundu kubwa. Huuliza ana umri gani, humwongoza aone kama anasikia, humtazama akitembea. Anajua dume kubwa lisilofuata mstari litavuruga shamba zima, na anajua pia kwamba ndama mwenye miguu mizuri hangojewi hasara. Ng'ombe tunampima hivyo, bali mtoto wa mtu tulimpima kwa kumtupia jicho mara moja akiwa amesimama mstarini.

Basi jibu langu ni lipi? Kwa watu wazima wanaolipwa, timu na ichague itakavyo. Kama inahitaji mrefu, imchukue mrefu, ilimradi imfundishe. Lakini kwa watoto, swali "nani atatupatia ushindi Jumamosi?" ni swali la mwalimu, si la mtoto. Swali la mtoto ni "nani ataendelea kujifunza?" Na hapo ufundi hutangulia, pamoja na ile hamu ya kurudi uwanjani kesho yake, kwa kuwa mwili utakuja wenyewe kwa wakati wake.

Nilipokuwa mwalimu mkuu niliweka utaratibu mdogo. Kila timu iliyosafiri ilikuwa na nafasi tatu za wadogo wenye ufundi, na mwalimu wa michezo aliniletea tarehe za kuzaliwa kabla ya majina. Sitadanganya kwamba tulianza kushinda. Mwaka mmoja tulifungwa vibaya, na mzazi mmoja alikuja ofisini kuniuliza kama napeleka timu au napeleka chekechea. Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimjibu kwamba mwanawe alikwenda mwaka jana na atakwenda mwaka ujao, ila wale watatu, nisipowapeleka sasa, huenda wasirudi tena uwanjani. Hakuridhika. Nami sikutarajia aridhike.

Yule rafiki yangu wa mnadani bado namwona mara kwa mara. Bariadi amekwenda mara nyingi, kwa miguu, kwa baiskeli na kwa gari. Lakini safari ile ya lori la mwaka 1983 hakuna anayeweza kumrudishia, na aliyemnyima ni mimi. Wewe uliye mwalimu leo, ukisimama mbele ya mstari wa watoto na kalamu mkononi, kabla hujaandika jina nenda kwanza kabatini ukatazame daftari.