Nani Alimpa Seneta Ruhusa?

Machi 1904 Seneti ya Marekani ilimwita Washington mzee wa miaka 65, Joseph F. Smith, rais wa kanisa la Wamormoni, ikamhoji habari za wake zake. Alikuwa nao watano. Mzee akakiri bila kupepesa macho kwamba tangu kanisa lake litangaze mwaka 1890 kuachana na ndoa za wake wengi, wake hao walikuwa wamemzalia watoto 11. Kwetu Tanga mke wa pili ni habari ya kadhi na majirani, kwa hiyo niliposoma mahojiano yale mara ya kwanza nilicheka. Kicheko kilikatika nilipogundua kwamba Smith alikuwa shahidi tu. Mwenye kesi alikuwa Reed Smoot, seneta wa Utah, mume wa mke mmoja, na jambo hasa walilotaka kulijua kwake lilikuwa hili: ameapa kwa nani?

Smoot alikuwa mfanyabiashara wa Provo, na tangu mwaka 1900 mmoja wa mitume kumi na wawili wanaoliongoza kanisa lile pamoja na rais wake. Januari 1903 bunge la jimbo likampeleka Seneti. Zama zile mwananchi hakumpigia kura seneta. Wabunge wa jimbo ndio waliomchagua kwa niaba yake. Kabla kiti hakijapata joto, wakazi kadhaa wa Salt Lake City wakaandika pingamizi, na makanisa na vyama vya wanawake nchi nzima vikaanza kukusanya saini kwa wingi. Hoja yao: mtu aliyekwisha kula yamini hekaluni, faraghani, mbele ya wakubwa wa dini yake, hawezi kuapa tena mbele ya katiba akaaminika. Mashahidi wakaja kusema kwamba katika ibada za hekalu waumini huahidi kumwomba Mungu alipize kisasi juu ya taifa hili kwa damu ya manabii, yaani Joseph Smith mwanzilishi na nduguye Hyrum, waliouawa na genge la watu katika jela ya Carthage, Illinois, mwaka 1844. Smoot alikana.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa hofu hiyo. Nimekulia mtaa ambao mwizi hakuogopa polisi hata kidogo, lakini ukitangaza msikitini kwamba Ijumaa itasomwa halbadiri, redio iliyopotea inakutwa kibarazani alfajiri. Na serikali ya kikoloni kule Kenya, miaka ya 1950, iliwafunga watu maelfu kwa sababu ya kiapo kilicholiwa usiku. Dola huogopa sana ahadi ambayo haikushuhudia ikitolewa.

Hapo ndipo swali linapokuwa gumu, maana katiba ya Marekani, ibara ya sita, inamtaka kila seneta aape au athibitishe kwamba ataitetea, na sentensi hiyohiyo inakataza mtu yeyote kupimwa kwa dini yake ili apewe cheo. Inamtaka mtu afungwe na kiapo, kisha inazuia kumuuliza kiapo hicho kinamfunga kwa Mungu yupi. Mbele ya Mungu asiyeulizwa, kiapo kina uzito gani?

Naliuliza hili kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni mkalimani wa mahakamani hapa Salt Lake City, na wengi ninaowatafsiria ni Wakongomani wa Uvira, Fizi na Bukavu. Kabla shauri halijaanza nanyanyua mkono wa kulia, naulizwa kama naapa au nathibitisha kutafsiri kwa ukweli. Mwalimu wangu wa chuoni alitufundisha kwamba anayevunja kiapo ana kafara juu yake: alishe masikini kumi au awavike, asipoweza afunge siku tatu. Karani anayenisomea maneno hana habari na masikini kumi. Yeye ana sheria ya kusema uongo mahakamani, na jela yake. Lakini nakiri kwamba kinachonizuia kupunguza neno la mshtakiwa, hata ninapomwonea huruma, ni wale masikini kumi.

Nilimsaidia pia mama mmoja wa Uvira kujiandaa na kiapo cha uraia. Maneno yake yanamtaka mtu aukane utii wote kwa mfalme au mtawala wa nchi ya kigeni. Nilipomtafsiria alisimamisha kijiko chake cha chai.

"Mufalme? Mufalme wangu ni Yesu, dada. Sasa niseme namuacha?"

"Hapana, mama. Wanasema mfalme wa nchi nyingine, wa nje."

Akafikiri. "Basi sawa. Yesu haiko wa inje."

Akaenda, akaapa, akapata cheti chake. Kamati ya Seneti ilijaza kurasa zaidi ya 3,000 ikizunguka jambo hilohilo, kisha Juni 1906 wajumbe saba dhidi ya watano wakasema Smoot hastahili kiti. Tarehe 20 Februari 1907 Seneti nzima ikaikataa rai hiyo, kura 42 kwa 28. Akabaki.

Je, waliompinga walikuwa wajinga? Wengi walikuwa na chuki ya dini, hilo halifichiki. Lakini ukirudi nyuma miaka michache katika uchaguzi wa maseneta wa Utah unakuta kwamba walikuwa wameshika mkia wa jambo la kweli, ila walilivuta upande usio wake.

Utah ilipata hadhi ya jimbo Januari 1896. Aprili mwaka huohuo viongozi wa kanisa wakatoa kanuni: mkubwa yeyote wa kanisa anayetaka cheo cha siasa kwanza aombe ruhusa kwa walio juu yake. Mtume mmoja, Moses Thatcher, akakataa kuweka saini. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameondolewa katika ile safu ya kumi na wawili. Hakunyamaza, akautaka useneta. Mapema mwaka 1897 bunge la jimbo likapiga kura, likarudia, likarudia tena, hadi mara ya 53, ndipo Joseph Rawlins akampita. Hakuna sheria ya Marekani iliyomzuia Thatcher. Alichokosa ni ruhusa.

  

Mwaka 1899 mambo yalikuwa mabaya zaidi: tuhuma za hongo, wenye migodi wakiingia na kutoka, na wabunge wakafunga kikao bila kumchagua mtu. Kiti kimoja cha Utah kikakaa kitupu hadi Januari 1901, kilipokwenda kwa Thomas Kearns, Mkatoliki aliyetajirika kwa madini ya fedha ya Park City. Watu walisema amepita kwa hisani ya rais wa kanisa wa wakati ule, Lorenzo Snow. Hisani ilipokwisha, kiti nacho kikaisha, na Februari 1905 Kearns alisimama Seneti akatoa hotuba ya kuaga iliyolishambulia kanisa lile kwa maneno makali. Hakuwa muumini wake, wala hakuwahi kuapa katika hekalu lake. Na bado alisema yeye mwenyewe kwamba mkono wa kanisa ndio uliokuwa ukigawa viti.

Kwa hiyo maseneta wa kamati walitumia miaka wakichungulia alichoapa Smoot mbele ya Mungu, ilhali la kutisha zaidi lilikuwa hadharani: kabla ya kugombea alikwenda kwa wakubwa wake akaomba ruhusa, akapewa. Kumwogopa Mungu kunampa mtu kitu ambacho mkubwa wa duniani hawezi kukigusa. Ruhusa, mkubwa aliyeitoa ndiye anayeweza kuichukua. Waliopinga walivichanganya viwili hivi, na mpaka leo tunavichanganya.

Nadharia yangu ina mwiba, na mwiba wenyewe ni Smoot. Mwomba ruhusa huyu alikaa Seneti miaka 30 akiwa bado mtume, na hakuna kisasi chochote alichokilipiza juu ya taifa. Alicholiletea taifa ni sheria ya ushuru ya 1930 inayobeba jina lake na la Hawley, na hiyo haikutoka hekaluni. Aliiamini kwa akili zake kama walivyoiamini matajiri wa viwanda wa chama chake.

Jibu langu ni kwamba kati ya 1903 na 1933 kilibadilika kitu kikubwa kuliko Smoot. Mwaka 1913 katiba ilirekebishwa kwa mara ya kumi na saba, uchaguzi wa maseneta ukatolewa mikononi mwa mabunge ya majimbo ukapewa wananchi. Bunge la Utah lilikuwa limeyakataa mabadiliko hayo kwa kura, jambo lililofanywa na majimbo machache mno. Halikufua dafu. Mwaka 1914 Smoot alilazimika kuwaomba kura watu wa kawaida, akaponea chupuchupu mbele ya James Moyle, muumini mwenzake. Na mwaka 1932, watu wakiwa hawana kazi, wakamtoa kabisa. Aliyechukua nafasi yake ni Elbert Thomas, profesa wa chuo kikuu aliyewahi kuhubiri dini ileile huko Japani. Katika uchaguzi wa urais wa mwaka huohuo, rais wa kanisa, Heber J. Grant, alikuwa upande wa Hoover. Waumini wakaenda kwa Roosevelt. Desemba 1933, Grant akisihi pombe iendelee kupigwa marufuku, Utah ndiyo iliyokuwa jimbo la 36 kuidhinisha kufutwa kwa marufuku hiyo, na kwa idhini hiyo ikafutwa nchi nzima. Wamormoni, wasiokunywa hata chai, ndio waliofungua baa.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Wallace Bennett alikaa mihula minne. Frank Moss, Mdemokrati wa mwisho kupata kiti cha useneta Utah, aliangushwa mwaka 1976 na Orrin Hatch, naye Hatch akakaa miaka 42. Karibu wote ni waumini wa kanisa moja, na si ajabu, kwa kuwa ndivyo wapigakura walivyo.

Lakini desturi ya ruhusa haikufa, ilihama nyumba tu. Mei 2010 Bob Bennett, mwana wa Wallace, seneta wa mihula mitatu, alikwenda kwenye mkutano mkuu wa chama cha Republican wa jimbo akatoka wa tatu. Jina lake halikuwafikia hata wapigakura wa kura za awali. Watanzania wenzangu mliosema mwaka 2020 kwamba wajumbe si watu wazuri, huyu ndugu yenu. Mike Lee ndiye aliyeibuka na kiti.

Tarehe 5 Februari 2020 maseneta wawili wa Utah walikaa kumhukumu Rais Trump. Lee na Mitt Romney: jimbo moja, chama kimoja, kanisa moja, na kiapo kimoja cha kutenda haki bila upendeleo, kilichotaja jina la Mungu mwishoni. Lee akasema hana hatia. Romney, sauti ikimkatika, akasema ameapa mbele ya Mungu na hawezi kulichukulia hilo kwa wepesi, akamkuta na hatia katika shtaka moja kati ya mawili. Hakuna seneta yeyote kabla yake aliyewahi kupiga kura ya kumwondoa rais wa chama chake mwenyewe.

Simsemi Lee kwamba alivunja kiapo. Kilichomo moyoni mwake sikijui, na naye ana hoja zake za katiba. Ninachokisema ni kuhusu wale wa 1904. Walituambia kwamba mtu wa hekalu atapiga kura kwa amri. Amri ilikuwapo kweli mwaka 2020, ila ilitoka chamani, na aliyeikataa alisema imani yake ndiyo iliyomsimamisha. Mwaka uliofuata, Mei 2021, alizomewa na wajumbe wa chama chake katika ukumbi wa Maverik Center, West Valley City, mji ambao mabasi yake nimeyazoea. Azimio la kumkaripia rasmi lilianguka kwa kura 798 dhidi ya 711. Hakugombea tena, na Novemba 2024 kiti kilikwenda kwa John Curtis.

Kenya wanachagua maseneta 47 kwa kura za wananchi, na Tanzania nasi hatukosi wachungaji na mashehe kwenye karatasi za kura za ubunge. Nawasikia jamaa zangu wakibishana kama mtu wa dini anafaa siasa. Ndugu msomaji, mabishano hayo waachie wenyewe. Mgombea akija kibarazani kwako, awe na kanzu, kola ya kichungaji au suti, muulize ni nani alimruhusu kugombea, na huyo aliyemruhusu akimwagiza jambo usilolitaka wewe atafanyaje. Akikujibu kwamba hakuna aliyemruhusu, muulize tena, taratibu.