Je, Mchezo wa Feza Unaweza Kuwa wa Haki?



Kisha ibada ya siku ya yenga, kijana mmoja wa korale alinifuata nyuma ya kanisa na simu yake mkononi. Akaniambia: «Papa shemasi, nyinyi wazee mnasema kila mchezo wa feza ni wizi. Lakini mimi nimetafuta katika intaneti miezi mingi, nimesoma kanuni, nimefanya hesabu, na nimepata mchezo wa haki. Katika dolari 100 ninazoweka, nyumba haichukui hata dolari moja. Inachukua senti 50 tu. Muuza unga katika soko anachukua faida kubwa kuliko hiyo. Sasa uniambie, zambi iko wapi?»

Nilikosa jibu. Ningeweza kumwambia «kanisa linakataza», na yeye angeondoka akisema moyoni kama shemasi hajui kitu. Nilimwomba siku chache. Nilienda kwa ndugu mmoja mwalimu wa hesabu katika sekondari, tukaketi mezani na karatasi na kalamu, kwa sababu si vizuri kuhukumu jambo mbele ya kulijua. Yale tuliyopata ninawaandikia hapa, maana najua vijana wengi wa parokia zetu wanacheza michezo ya namna hiyo katika simu, na wazazi hawaoni kitu.

1. Mchezo wenyewe ni nini?

Ni mchezo wa karata wa makumi mbili na moja. Wafaransa waliuita vingt-et-un, Waamerika wanauita blackjack. Ni mchezo wa zamani: mwandishi wa Uspania Cervantes aliutaja katika hadisi aliyoitoa mwaka 1613. Mchezaji anapewa karata mbili, anahesabu namba zake, na anaweza kuomba zingine. Mfalme, malkia na mtumishi kila mmoja ni 10. Asi ni 1 ao 11. Anayekaribia 21 kuliko mwenzake anashinda. Anayepita 21 ameanguka.

Sasa mtaniuliza: kama wote wawili wanatafuta 21, nyumba inapata faida yake wapi? Inapita katika mlango mmoja mdogo. Mchezaji anacheza wa kwanza. Akipita 21, feza yake inachukuliwa palepale. Kisha nyumba nayo ikivuta karata na kupita 21, mchezaji aliyeanguka harudishiwi kitu. Wote wawili wameanguka, lakini mmoja tu ndiye analipa. Hiyo ndiyo siri yote, na haikufichwa. Imeandikwa katika kanuni.

Ili watu waendelee kuja, nyumba inarudisha sehemu ya faida hiyo. Yenyewe haina uchaguzi: ikiwa na 16 inavuta, ikifika 17 inasimama. Mchezaji anachagua anavyotaka. Anaweza kuongeza feza mara mbili, anaweza kutenga karata mbili zinazofanana. Na akipata asi na karata ya 10 kwa mara moja, analipwa 3 kwa 2, maana yake akiweka dolari 10 anapata 15.

2. Kanuni nzuri na kanuni mbaya

Hapa yule kijana alisema kweli, na ni lazima tumpe haki yake. Michezo hiyo haifanani. Mahali pengine, asi na 10 inalipwa 6 kwa 5, yaani dolari 12 pahali pa 15. Mtu anaona ni jambo dogo. Lakini karata hizo mbili zinakuja karibu mara moja katika michezo 21. Dolari 3 zinazokosekana katika kila dolari 210 zilizowekwa, ni karibu 1,4 kwa mia. Kanuni hiyo moja inazidisha faida ya nyumba karibu mara nne. Tena, kama nyumba inavuta karata ikiwa na 17 yenye asi inayohesabiwa 11, faida yake inaongezeka kwa karibu 0,2 kwa mia. Na kuna kitu wanaita «asirансi» wakati nyumba inaonyesha asi: ukiinunua katika mchezo wa pakiti sita, unapoteza karibu dolari 7 katika kila 100. Ni jina zuri kwa shimo.

Hata hivyo kanuni nzuri hazitoshi. Ni lazima mchezaji ajue kwa kila karata jambo la kufanya. Waaskari wanne wa Amerika walifanya hesabu hiyo kwa mashini ndogo za kuhesabu, wakaitangaza mwaka 1956. Anayefuata jedwali lao bila kosa, katika mchezo wenye kanuni nzuri, ndiye anayefika ile 0,5 kwa mia. Anayefuata moyo wake anapoteza 2 kwa mia ao zaidi katika mchezo uleule.

Basi kijana wetu hakusema uongo. Nyumba ikichanganya karata bila udanganyifu, ikiandika kanuni zake wazi na kumlipa anayeshinda, siwezi kuiita mwizi. Katika soko letu kuna wale wa karata tatu, wenye mikono ya mbio na wenzao wanaojifanya wateja. Hao ni wezi. Tusichanganye mambo hayo mawili.

3. Hesabu ambayo kijana hakuifanya

Alihesabu senti 50 katika dolari 100. Lakini dolari 100 hizo si zile anazokuja nazo. Ni zile anazoweka. Katika simu karata zinaenda mbio. Akicheza michezo 200 katika saa moja, dolari moja kwa kila mchezo, ameweka dolari 200, hata kama mfukoni alikuwa na 20 tu. Feza ileile inazunguka, na kila ikipita mlangoni inaacha kidogo. Kwa wastani ameacha dolari moja kwa saa. Lakini bahati haimpimii kwa wastani: katika saa ileile, kupanda ao kushuka kwa dolari 15 ni jambo la kawaida. Kwa hiyo leo ataimba, na kesho atalia, na hataona ile dolari moja inayoondoka polepole.

Kisha mwalimu akanionyesha jambo lililonishangaza kuliko yote. Akasema: «Tuondoe kabisa faida ya nyumba. Tuseme mchezo ni sawasawa, nusu kwa nusu, kama kutupa sarafu. Mmoja ana dolari 20, mwengine ana 1 980. Wanacheza dolari moja moja mpaka mmoja aishiwe. Nani atatoka mikono mitupu?» Nilijibu kama hakuna anayejua. Akaandika: mara 99 katika 100, ni yule mwenye 20. Hakuna udanganyifu wowote. Ni kwa sababu tu mwenye mfuko mkubwa anaweza kungoja siku mbaya zipite, na mwenye mfuko mdogo siku mbaya ya kwanza inammaliza.

Wapendwa, hebu tufikiri juu ya jambo hilo. Kanuni zilezile, karata zilezile, lakini mmoja anacheza na kilichobaki mezani, na mwengine anacheza na chakula chake. Usawa wa kanuni haufanyi watu kuwa sawa.

Tena kuna jambo lingine. Mwaka 1962, mwalimu wa hesabu wa Amerika, Edward Thorp, alitoa kitabu kuonyesha kama mtu anayekumbuka karata zilizokwisha kutoka anaweza kuishinda nyumba. Mwaka 1964 makazino ya Las Vegas yalibadilisha kanuni kwa muda. Baadaye pakiti ziliongezwa, na hata leo katika Nevada kazino ina ruhusa ya kumfukuza mwenye kuhesabu karata. Katika simu mara nyingi karata zinachanganywa upya kila mchezo, kwa hiyo hesabu hiyo haina faida tena. Sasa mniambie: agano ambalo mmoja anaruhusiwa kushinda siku zote, na mwengine akianza kushinda siku zote anaonyeshwa mlango, ni haki ya namna gani?

4. Je, Maandiko yanakataza kura?

Pengine mtu atasema: mitume wenyewe walipiga kura. Ni kweli. Katika Matendo sura ya 1 walipiga kura, na Matia akachaguliwa. Katika kitabu cha Yoshua, inchi iligawanywa kwa kura. Kwa hiyo kura yenyewe si zambi, na nisingependa mtu afundishe hivyo.

Lakini tuangalie vizuri. Wakati wa Yoshua, kila kabila lililopigiwa kura lilitoka na fungu lake. Yule ambaye kura haikumwangukia wakati wa Matia hakupoteza shati lake. Hizo ni kura za kugawanya. Kuna kura nyingine, ile ya waaskari chini ya msalaba, waliopiga kura juu ya nguo za Bwana wetu. Nina hakika kura ile ilikuwa na kanuni zake, na hakuna anayesema askari mmoja alimwibia mwenzake. Mchezo ulikuwa wa haki kati yao. Ubaya haukuwa katika kura. Ubaya ulikuwa katika kitu kilichowekwa katikati, na mwenye kitu hicho alikuwa juu yao akiteseka.

Tangu nilipofikiri hivyo, siulizi tena kwanza kama mchezo ni wa haki. Nauliza: kilichowekwa katikati ni kitu cha nani?

5. Mkono wangu mwenyewe

Siandiki kama mtu asiye na kosa. Nilipokuwa na miaka 14, mama yangu alinituma kununua unga. Nilipita kwa wale wa karata tatu, nikaweka feza yote, ikaenda. Nilirudi nyumbani nikasema wezi wamenipora njiani. Mama alilia, na jioni ile tulikunywa chai bila sukari, watoto sita, tukalala. Miaka mingi nilijifariji nikisema: sikusema uongo sana, wale walikuwa wezi kweli.

Ni yule kijana aliyeninyanganya faraja hiyo bila kujua. Kwa maana nilijiuliza: kama wale watu wangekuwa waaminifu, kama mchezo wao ungekuwa na kanuni nzuri kuliko zote duniani, na ningepoteza feza ile kwa haki, je, wadogo zangu wangelala wameshiba? Njaa yao ingekuwa ileile. Uongo wangu kwa mama ungekuwa uleule. Udanganyifu wa wale ni deni lao mbele ya Mungu. Mkono uliotoa feza ya unga ulikuwa mkono wangu.

Basi mchezo wa haki hauondoi zambi. Unaondoa uzuru tu. Katika mchezo wa wezi unaweza kumshitaki mwizi. Katika mchezo wa haki hakuna mtu mwengine wa kumshitaki.

6. Jibu nililompa

Kijana aliporudi, nilimwonyesha karatasi zetu. Alizikubali zote, maana anajua hesabu kuliko mimi. Kisha akasema: «Papa shemasi, hata hivyo, mtu anayelipa kuingia katika kiwanja cha mpira anapoteza feza pia. Mimi ninalipa dolari moja kwa saa kwa furaha yangu. Wengine wanakunywa pombe ya dolari tano.»

Neno hilo lina nguvu, na sikulitupa. Nilimwambia: «Mwanangu, anayekwenda kwenye mpira analipa mlangoni, na akiketi, kiwanja hakimwombi tena kitu. Kisha dakika 90 anarudi nyumbani. Wewe, ni siku gani uliyoacha kwa sababu furaha imetosha, si kwa sababu feza imekwisha?» Alinyamaza. Nikamwuliza swali la pili, lile la kitu kilichowekwa katikati. Alinyamaza muda mrefu zaidi. Halafu akaniambia kama dolari 45 zilikuwa minervali ya dada yake mdogo, ambazo baba yao alizituma kwa simu. Ndiyo sababu alikuwa akitafuta mchezo wa haki kwa bidii namna hiyo: alitaka kuzirudisha.

Wapendwa, tuelewe hapo. Hakutafuta kanuni nzuri kwa tamaa tu. Alizitafuta kwa hofu. Na ile namba ndogo, 0,5 kwa mia, ndiyo iliyomfunga, kwa sababu mchezo mbaya mtu anaukimbia upesi, lakini mchezo unaokaribia usawa unamwambia kila usiku: bado kidogo.

Hatukumfukuza katika korale. Tulienda pamoja kwa baba yake, akasema yote kwa kinywa chake. Sasa anasaidia fundi wa kutengeneza simu, na kila juma anatoa dolari 5 mpaka deni liishe. Hesabu hiyo inachukua majuma 9 na haitegemei karata. Yeye mwenyewe aliniruhusu kuandika haya, bila jina.

Wazazi, msiwapigie vijana makelele juu ya simu. Mwaulize kwa upole, na msikilize jibu mpaka mwisho, kwa sababu pengine nyuma ya mchezo kuna deni, na nyuma ya deni kuna haya. Vijana, kama mmekwisha kupoteza, msitafute mchezo mzuri zaidi wa kurudishia. Njooni kwetu. Hatutauliza kanuni za mchezo zilikuwa namna gani. Tutauliza tu ni kitu cha nani, na namna gani tutakirudisha pamoja.

Amani ibaki nanyi.

Ndugu yenu katika Bwana, shemasi.