Taa ya Mpangaji

Kwa bei zilizopangwa Tanzania mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa umeme hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi ni shilingi 350. Nia ni njema, kumsaidia mnyonge. Lakini mita haihesabu watu. Bwana mwenye mshahara aishiye peke yake aweza asifikishe 75. Wapangaji wa vyumba sita wenye mita moja huzipita upesi. Je, hiyo ni haki?

Twawahimiza wabane matumizi. Vema: balbu ya kizamani ya wati 60, ikiwaka muda wa saa 5 kila siku, hula uniti 9 kwa mwezi, ya LED ya wati 9 haifiki 2. Ila balbu zile alizifunga mwenye nyumba, asiyelipa umeme huo. Na baadhi yetu tusomao haya ndio wenye nyumba.