Theluthi ya Tatu ni ya Nani?

Kijana mmoja niliyekuwa nikimwandaa kwa sakramenti ya ndoa hapa Mbamba Bay aliniuliza: "Katekista, nikibeba kifaa cha pili cha kupumulia, na taa ya akiba, na kamba, si namwambia Mungu kwamba simwamini?" Hakuwa anatania. Anazamia samaki wa mapambo, kazi niliyoifanya mimi kabla magoti hayajanigomea, na mama mkwe wake mtarajiwa, mtu wa sala sana, alikuwa amemwambia kwamba anayejihami mno anauita msiba. Nilimjibu kwamba swali lake limepinda mahali pamoja: anadhani akiba ile ni yake.

Kwa asiyejua kazi yetu, upande huu wa Ruvuma, kutoka Lituhi kushuka Liuli hadi Mbamba Bay, mchanga wa Ziwa Nyasa unakatizwa na mawe makubwa yaliyolaliana. Mawe hayo hayaishii ukingoni. Yanaendelea chini ya maji, na kati yake mna vyumba na vichochoro. Humo ndimo wanamokaa mbuna, samaki wadogo wa bluu, wa njano, wa milia, ambao watu wa Ulaya huwafuga sebuleni kwenye masanduku ya kioo. Sisi tunaokula mbasa na usipa tunawaona hawashibishi mtu, lakini ndio wanaolipa. Mbuna akifukuzwa hukimbilia ndani ya mwamba, nawe ukimfuata umeingia pangoni.

Pango lina ugumu wake. Kwenye maji wazi kifaa kikiharibika unapanda, hata kama kupanda kwa haraka kuna hatari zake. Pangoni juu yako pana jiwe. Lazima urudi ulikopitia, na tope ulilotifua kwa miguu yako mwenyewe limekwisha kukuziba macho. Ndiyo maana wazamiaji wa mapango walijiwekea sheria. Mmarekani Sheck Exley alizieleza katika kitabu chake cha 1979 baada ya kuchunguza vifo vya wenzake kimoja kimoja: kamba isiyokatika kutoka mlangoni hadi ulipo, kiasi katika kina, na hewa igawanywe mara tatu. Yeye mwenyewe alifia majini huko Mexico mwaka 1994, akijaribu kufika kina cha mita 300 hivi. Silitaji hilo kumcheka. Nalitaja kwa sababu watu hupenda kudhani kwamba mwenye kujua sheria amepewa kinga.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtungi una bar 210 za hewa. Unaingia kwa 70, ukisoma 140 unageuka, unatoka kwa 70, na 70 zinabaki. Zinabaki za nini? Wengi husema za dharura yangu. Piga hesabu tena. Tuko wawili, tumefika mwisho wa safari, kila mmoja ana 140, na kifaa cha mwenzangu kinakufa hapo hapo. Sasa tunapumua wawili kwenye 140 zangu: 70 za kunitoa mimi, 70 za kumtoa yeye. Theluthi ya tatu niliyoibeba mgongoni tangu mlangoni ilikuwa ya mwenzangu, na yake ilikuwa yangu. Wala si ukarimu mkubwa hivyo, maana tukitoka tunatoka na sifuri, na mtu mwenye hofu huvuta hewa kuliko hesabu. Wenye busara hugeuka mapema zaidi.

Kinachoharibika mara nyingi ni kitu kidogo. Ni oringi, kile kipete cha mpira pale kifaa cha kupumulia kinapoungana na koki ya mtungi, ambacho dukani hukigombanii bei. Kikipasuka hewa inatoka kwa kishindo, mapovu yanajaa usoni, na mtungi uliojaa unaweza kwisha ndani ya dakika chache. Mwenye mitungi miwili iliyounganishwa ananyoosha mkono nyuma ya shingo, anafunga koki ya upande unaovuja, anapumulia upande wa pili, anammulikia mwenzake taa, wanageuka. Mwenye mtungi mmoja hana koki ya kukimbilia. Ana mwenzake tu. Mwenzake anampa kinywa chenye bomba refu, mita 2 hivi, ili waweze kupita penye wembamba mmoja nyuma ya mwingine. Mambo hayo hayajaribiwi siku ya tatizo. Yanafanyiwa mazoezi kwenye maji ya kiunoni, macho yamefumbwa, mpaka mkono uijue koki. Na kabla ya kuingia mnasimama, kila mmoja anamzunguka mwenzake akitafuta povu. Mimi sala yangu ya asubuhi niliimalizia hapo.

Kuna sheria nyingine ambayo wazee wetu hawataipenda: yeyote anaweza kusema "turudi", wakati wowote, na haulizwi kwa nini. Mdogo anamgeuza mkubwa, kibarua anamgeuza tajiri. Mabishano, kama yapo, yanafanyiwa nchi kavu.

Tajiri niliyemzamia mimi hakuwa na habari hizo. Mitungi ilikuwa michache, kwa hiyo wengi tulipumulia bomba la plastiki lililotoka kwenye kompresa ya petroli botini. Ukimweleza kwamba bomba limechoka, alijibu Mungu yupo. Ukimweleza kwamba mdomo wa kuvuta hewa uko karibu na moshi wa injini, Mungu yupo. Upepo wa kusini wa Juni na Julai huigeuza boti bila kumwuliza mtu, na moshi ukielekea kwenye mdomo ule, aliye chini anapumua kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala ladha, mpaka anasinzia. Tena ziwa hili liko mita zaidi ya 470 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya kuzamia, yanayomwambia mzamiaji akae chini muda gani na apande vipi, yakiwa yametengenezwa kwa bahari yanahitaji kurekebishwa ukishavuka mita 300. Sisi hatukuwa na jedwali la aina yoyote. Lakini mbuna walikuwa na utaratibu wao: walipandishwa kituo kwa kituo, wakingojewa saa nyingi, kwa sababu kibofu cha hewa cha samaki kikivimba ghafla hauziki. Nimeshuhudia samaki akisubiriwa hivyo, na kijana aliyemkamata akivutwa juu haraka kwa kuwa petroli inakwisha.

Nilipoanza kufundisha dini, mfano wa wanawali kumi katika Mathayo 25 ulinisumbua kuliko wote. Watano wana mafuta ya akiba, watano hawana, na wenye nayo wanakataa kugawana. Mzamiaji akifanya hivyo pangoni ni muuaji. Nimeuzungusha mfano ule muda mrefu, na ninavyouona sasa ni kwamba wale wenye busara walisema kweli: mafuta yasingewatosha wote. Yasingetosha kwa sababu kila mmoja alijipimia peke yake toka nyumbani. Najua mfano unahusu kukesha, na paroko wangu amenikumbusha hivyo kwa upole. Bado nashikilia kwamba upendo ukisubiri mpaka taa zinazimika umechelewa. Unapimwa mapema, wakati wa kujaza mtungi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba kiumbe mwenye akili anashiriki maongozi ya Mungu kwa namna bora kuliko viumbe wengine, kwa kuwa anajitunza mwenyewe na kuwatunza wenzake. Nikilishika fundisho hilo, koki ya pili haishindani na Mungu. Ni mojawapo ya njia anazozitumia. Mwenye kuiacha dukani kisha akasema Mungu yupo anafanya kile ambacho Yesu alikataa kukifanya juu ya kinara cha hekalu: kumjaribu Mungu.

Nia njema peke yake haijawahi kutosha majini. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, watu walisikika wakigonga kutoka ndani. Waokoaji walitoboa tundu ili wawatoe, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, na meli ikazama. Sitoi hukumu juu ya waliokuwa pale. Ninasema tu kwamba huruma yao ilikuwa kubwa na maandalizi hayakuwapo.

Mtu ataniuliza juu ya Saman Kunan. Huyu alikuwa askari mstaafu wa wanamaji wa Thailand, aliyejitolea mwaka 2018 watoto 12 na kocha wao walipokwama katika pango la Tham Luang. Alikwenda kuwapangia mitungi njiani, akafa Julai 6 akiwa anarudi. Kufikia Julai 10 wote 13 walikuwa nje. Je, maandalizi yalimsaliti? Sioni hivyo. Maandalizi hayamwahidi mtu kwamba yeye ndiye atakayetoka, na hapo ndipo imani inapopata kazi yake halisi, baada ya koki kukaguliwa na si badala ya kuikagua. Mtu ameshafanya yote yaliyo mikononi mwake, na bado kuna giza mbele. Anaingia akiwa na sala. Sala hiyo naiheshimu.

Katika Luka 13 Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Basi nasi tusiwasute marehemu wetu wa ziwani. Lakini mnara ulijengwa na watu, na kompresa inawashwa na watu.

Kwa hiyo nawaomba makatekista wenzangu wa Jimbo la Mbinga, na wachungaji wa Liuli, na masheikh pia. Mkiitwa kumzika kijana aliyefia chini ya maji, kabla ya kusimama na kusema ni kazi ya Mungu, waulizeni aliokuwa nao: mdomo wa kompresa ulielekea wapi, kifaa cha pili kilikuwapo, mwenzake alikuwa umbali gani, na nani alikuwa na ruhusa ya kusema turudi. Majibu yasemeni pale pale kaburini, tajiri akiwa anasikia.