Je, Staha ni Mavazi Tu?



Neno staha likitajwa kanisani, wengi hugeuka kumtazama binti mwenye sketi fupi. Mabwana hasa! Hudhani neno hilo ni la wanawake, tena ni la mavazi, basi wao hawana la kujibu.

Hebu tulitazame vizuri. Staha ina kitendo chake, kustahi, na huwezi kustahi hivi hivi tu. Lazima umstahi mtu. Ni kumheshimu hata ukaona haya kumwaibisha mbele za watu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, kuanzia namba 2521, inafundisha kwamba staha ni sehemu ya fadhila ya kiasi. Inaongoza mavazi, ndiyo, lakini pia macho na mwenendo. Inalinda fumbo la mtu na la mapendo yake, na hujua wakati wa kunyamaza.

Sasa wewe bwana unayeketi kilabuni ukiwasimulia wenzako mambo ya chumbani, ama kwamba mkeo hashiki mimba, unamstahi nani? Nawe mama, leso yako inafika vifundoni, lakini chama kizima kinajua udhaifu wa mzee wako. Siku hizi hata simu imeingia: mume amelala amelewa, anapigwa picha, na kabla hajaamka ukoo wote umekwisha kumwona.

Someni Mwanzo 9. Nuhu alipolewa akalala uchi hemani, mwanawe Hamu alimwona, akatoka kwenda kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi waliingia kinyumenyume na nguo mabegani, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Na kumbukeni, Hamu siku hiyo hakuwa uchi!

Lakini mnielewe. Sisemi mama anayepigwa anyamaze eti anamstahi mumewe. La, hasha! Aende kwa padre, kwa wasimamizi wao wa ndoa, kwa chifu, hata polisi. Huo si umbeya, ni kutafuta msaada. Naye anayempiga ndiye aliyevunja staha kwanza.

Leo jioni, baada ya sala, watoto wakishalala, muulizane: ni jambo gani langu ambalo hupaswi kulitoa nje ya mlango huu? Kila mmoja ataje lake. Bwana aanze.